Moshi Uliokausha Nguo za Askari

Harufu ya dizeli ilikuwa imeingia kwenye mikeka yetu, kwenye kanga za Mama, hata kwenye wali. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, Wareno walituhamishia ndani ya uzio wa seng'enge kando ya kambi yao, upande wa Quionga, na jenereta yao ilinguruma kutwa nzima nyuma ya nyumba zetu. Mama alifua nguo za askari. Hakuna aliyemuuliza kama anataka. Masika ile nguo zilikataa kukauka, basi sajini wao akaamuru zianikwe ndani ya banda la jenereta, karibu na bomba la moshi, ambako kulikuwa na joto. Mimi, binti mdogo wa Mama, nilimshikia ncha za suruali. Tukitoka humo makamasi yetu yalikuwa meusi, nami nikacheka. Mama hakucheka. Kaka yake alikuwa msituni na wapiganaji, na yeye alikuwa akiwakaushia mashati watu waliokuwa wakimwinda.

Kabla mvua hazijaisha, pumzi zilianza kumkatika Mama. Tulipotoroka na kuvuka Ruvuma alipumzika kila baada ya hatua chache, ameshika mbavu. Kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Tanzania, muuguzi alimuuliza alikuwa akivuta moshi gani.

"Wa kuni tu, mwanangu," Mama alijibu, akanibana mkono.

Akaambiwa apikie nje. Alipikia nje, na kifua kikazidi, kwa kuwa kila siku alipanga foleni ya maji kando ya injini ya pampu. Tuliporudi zahanati muuguzi akauliza tena: "Mama, hukukaa karibu na mashine yoyote?" Mama akatazama chini. Nyuma yetu walisimama watu wa kwetu, wengine wamezika wana wao waliouawa na askari hao.

Ndipo Bi Somoe, jirani yetu wa ndani ya seng'enge, akasema kwa sauti, "Mwambie, Fatu. Ni jenereta ya kambini. Sote tulifua nguo zao."

Watu wa foleni waligeuka kututazama. Nilitamani ardhi inimeze. Muuguzi hakukemea. Alieleza kwamba masizi ya dizeli ni laini kuliko unga, huingia hadi ndani kabisa ya mapafu, na si yote yanayotoka kwa kukohoa. Mama asikaribie tena pale kwenye pampu.

"Maji nitamchotea mimi," akasema Bi Somoe.

Mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini kwa pumzi fupi, na kaka yake aliporudi kutoka vitani hakumwambia sababu. Sasa nimepita umri aliofikia Mama. Hapa Palma, tuliporudi kwetu ng'ambo ya Ruvuma, jenereta zinanguruma mbele ya maduka, vijana wamekaa kwenye moshi wakichaji simu, nami huwasihi wasogee, nikiwaeleza habari za mapafu. Husogea, kwa heshima. "Vovó, umeyajulia wapi haya?" wananiuliza, wakiniita bibi kwa Kireno. Nawajibu kwamba niliyasikia hospitali, kisha naondoka haraka, uso ukiniwaka moto kwa aibu.