Kopo la Mafuta Ndani ya Mashua

Wazo la kwenda kupanda mashua lilikuwa la mume wangu, nami nililipinga tangu siku ya kwanza. Sisi ni watu wa Donholm, mtaa wa jijini. Maji kwetu huja kwa mgao, tunayakinga kwenye mapipa na mitungi, na hapo ndipo ninapotaka maji yakae: ndani ya kitu chenye kifuniko.

Sababu yangu ya kweli watoto hawakuijua. Nilikuwa na miaka saba nilipomfuata kaka yangu hadi kware, lile shimo la wachimba mawe nyuma ya mtaa wetu wa wakati huo, Mowlem, si mbali na Donholm, lililojaa maji ya mvua. Alivua shati akanipa nimshikie, akaruka. Nilikaa pale juu na shati mkononi hadi watu wazima walipokuja kuniondoa. Jambo hilo nimemsimulia mume wangu peke yake, tena mara moja tu.

Basi wanangu nikawalea kwa ukali. Kware ni marufuku, na kila wakitoka kucheza niliwapima jinsi mama yangu alivyokuwa akinipima: nawakwaruza mguu kwa ukucha. Ngozi iliyoingia maji yale hupauka, mstari mweupe unatokea, na hapo hakuna kujitetea. Wangu hawakuwahi kutoa mstari. Miguu yao iling'aa kama sufuria mpya, nami nikajisifu kwa majirani hadi wakaanza kunikwepa. Kilichonitatiza ni kimoja tu: mafuta ya kujipaka yalikuwa yakiisha upesi mno nyumbani. Lawama zote nilimtupia baba yao.

Jumamosi hiyo tukafika bwawani, nje ya jiji. Nahodha wetu alikuwa mwanamke mwenye kofia pana na sauti ya kuita ng'ombe. Mwanangu wa kiume, wa miaka kumi na mmoja, alianza na kayaki, akapiga kasia akizunguka palepale hadi baba yake akashika mbavu kwa kucheka. Kisha akataka kuvutwa na mashua juu ya tyubu kubwa la mpira.

"Na wewe, mrembo?" nahodha akamuuliza binti yangu wa miaka saba.

"Mimi nashika nguo," akajibu, fulana ya kaka yake kaikumbatia kifuani.

Nikafikiri ni woga, na nikafurahi kwamba angalau mmoja amerithi akili zangu.

Mkanda wa jaketi la kuelea niliukaza mwenyewe. Nilipogeuka, kijana akaulegeza, eti unambana. Mashua ikatubeba sisi wengine, ikashika kasi, ikakata kona, tyubu likaruka na mwanangu akaruka nalo upande mwingine. Jaketi likaibuka. Lilikuwa tupu.

Nilipiga yowe ambalo sikujua ninalo. Mume wangu, ambaye hajui kuogelea hata kidogo, alikuwa ameshavua kiatu kimoja. Nahodha akazima injini akashika boya. Mimi nilikuwa nikiyatazama maji, na niliyemwona mle si mwanangu, ni kaka yangu.

Halafu kichwa kikatokea. Mtoto akapenga kamasi, akatazama ilipo mashua, akaja akiogelea. Alikata maji kwa mikono yote miwili, bila papara, akilisukuma lile jaketi mbele yake.

"Mama, huyu mlimpeleka wapi kufundishwa?" nahodha akaniuliza. "Anayajua maji kweli!"

"Hajawahi kuingia kwenye maji yanayozidi beseni," nikamjibu, na hilo niliamini kwa moyo wote.

Mwanangu akapanda mashuani akihema. "Tulia, mathe. Niko fiti." Kisha, bila kufikiri, akanyoosha mkono kwa dada yake. Binti akatoa kopo dogo la mafuta mfukoni, kifuniko ameshakifungua. Kijana akaanza kujipaka, kuanzia vifundoni kupanda juu, haraka haraka, kama mtu aliyefanya hivyo mara mia. Alipofika gotini, mkono ukasimama. Akanitazama.

"Kware?" nikauliza.

Akainamisha kichwa.

"Tangu lini?"

"Kitambo."

Mkono wangu ulikuwa umeshapanda hewani. "Na huyu naye?"

"Huyu haingii, mathe, haki ya Mungu!" akasema mbio mbio, akidhani anamwokoa. "Yeye hukaa juu tu. Ananishikia nguo na mafuta."

Nikaushusha mkono, nikakaa chini, kwenye maji yaliyotuama ndani ya mashua. Miaka yote hiyo nilikuwa nikikwaruza miguu, na kumbe nilichowafundisha ni kujipaka mafuta. Mume wangu alinishika bega. Hakusema kitu kuhusu lawama za mafuta, na hilo nitalikumbuka kwa wema.

Viboko vya kware vilikuwa vinangoja nyumbani, lakini kwanza nilimwomba nahodha jaketi dogo kuliko yote. Nikamvisha binti yangu, nikaukaza mkanda, nikaukaza tena. Akaanza kulia. Nikamwambia kaka yake avae lake ashuke naye, amshike, amwonyeshe kuelea, hapo hapo ubavuni mwa mashua mbele ya macho yangu.

"Na nguo?" binti akauliza.

"Lete," nikasema, nikaipokea ile fulana. "Leo nashika mimi."