Mlango Ulioguswa Msasa

Mume wangu wanamwita Kiganja, na jina hilo hakuliokota njiani. Gari likiletwa limebonyea, mafundi wengine wanainama kuangalia, yeye anafumba macho, anapitisha kiganja juu ya bati, kisha anakwambia, "Hapa limeingia, hapa limevimba." Halafu nyundo, puti ya kujazia mabonde, msasa, rangi. Gari linaweza kulala wiki nzima, lakini likitoka, limetoka. Kazi hiyo ndiyo iliyotulelea watoto, ikamlea na mdogo wake.

Huyo mdogo wake, shemeji yangu, alirudi kutoka mafunzoni na taa ya kumulikia bodi na begi la vyuma virefu vyenye ncha zilizopinda. Kiganja akamkatia nusu ya gereji bila kuombwa. Nikamwambia, "Baba watoto, mkaribishe, lakini ufunguo baki nao." Akacheka. Haya, kacheka.

Shemeji hapigi nyundo. Anapenyeza chuma nyuma ya bati, anasukuma polepole huku akitazama mwanga wa taa unavyojipinda juu ya bodi, mpaka palipobonyea panarudi. Rangi haiguswi. Gari linaingia asubuhi, jioni linatoka na rangi yake ya kiwandani. Sina chuki na kazi yake, ni nzuri. Rangi ikiwa imepasuka au bati limejikunja vibaya haiwezi, hapo wanarudi kwa Kiganja. Lakini wenye magari mapya wote wakahamia kwa shemeji, na kodi ya kiwanja ikawa inatoka kwake. Mwenye nguvu mpishe, ndivyo tulivyoanza kuishi.

Siku moja akaletewa gari jeusi, mlango umebonyea. Mwenyewe alikuwa analiuza, akasisitiza rangi isiguswe. Shemeji alishinda nalo, kikabaki kiuvimbe kama punje ya mtama, ambacho mafundi wa aina yake hukigonga taratibu kwa kijiti cha plastiki. Nikafika na chakula, akaenda kunawa. Mwenye gari alikuwa anazungukazunguka, anatazama saa, anaguna. Kiganja akamwonea huruma mdogo wake. Akapitisha mkono mlangoni, akakikuta kile kiuvimbe. Sasa mkono uliolainisha puti maisha yake yote ukikuta kitu kimetokeza, unafanya nini? Ukashika msasa.

Aliposikia bati linakwaruzwa ndipo akazinduka. Rangi ilikuwa imeshatoka.

Shemeji hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Alisema mbele ya mteja, "Kaka, kama unanionea wivu ungeniambia tu."

"Wivu? Nilikuwa nakusaidia, mdogo wangu."

"Kunisaidia kwa msasa?"

Kiganja akautazama msasa mkononi mwake. Nami nimesimama na sufuria mkononi, wallahi nilitamani kumvika shemeji sufuria hiyo kichwani na mchuzi wake. Mtoto niliyemfulia sare za shule!

Kiganja aliupiga ule mlango rangi upya, ukatoka safi, mimi sikuona tofauti. Lakini mnunuzi alikuja na kidude cha kupimia unene wa rangi, akakibandika, kikaonyesha mlango umepakwa upya, akaondoka zake. Mwenye gari akamtangaza shemeji kwa ubaya mji mzima. Mama mkwe akawaita nyumbani wapatane. Shemeji akasema amesamehe, ila kaka asishike tena bodi ya gari pale gereji, hata yaliyopasuka rangi. Nikamuuliza, "Sasa ashike nini?" Akajibu, "Kuna mpira wa maji." Shukrani ya punda ni mateke, lakini mateke haya yalinizidi. Nikamwambia mume wangu tuhame. Akaniuliza twende wapi, nani atampa kiwanja na umri ule. Swali hilo linaniuma mpaka leo.

Juzi nimepeleka chakula, nikamkuta mteja mgeni anauliza, "Yule mzee pale ni nani?"

"Muosha magari," shemeji akasema.

Nikafungua kinywa. Mume wangu akanikata jicho, akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye suruali.

"Ndiyo, bosi," akasema. "Lisogeze hapa nikuoshee."