Ushuru wa Tumbaku ya Mtani

Enzi za Mdachi, kabla reli haijavuka Mnyuzi kuja Korogwe, kijiji chetu kilijitoa kwenye gulio la Kilole. Naandika "kilijitoa" kwa heshima tu. Ukweli ni kwamba tulisusa kama watoto walionyimwa ukoko. Vijiji sita vilikuwa na gulio moja, na mwenyeji wa kijiji chochote kati ya hivyo alipitisha mzigo wake bila kutozwa. Mtu wa nje alitoa kibaba cha alichobeba, na vibaba hivyo tukagawana. Sisi tulio ng'ambo ya mto, kwenye njia ya Handeni, tulidai kwamba mgao wetu hutufikia umeshachekechwa. Wazee wakakaa, wakapiga kelele, wakatangaza kuwa sasa tuna gulio letu na ushuru wetu. Akida alipoambiwa aliuliza kama kodi ya vibanda itachelewa. Aliposikia haitachelewa, akarudi kulala.

Akatafutwa mtu wa kupanga ushuru. Nikapatikana mimi, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyewahi kuiona forodha. Niliiona kwa nje. Nilikuwa mpagazi, nikasimama siku mbili juani pale Pangani na pembe ya ndovu begani, makarani wakinywa chai. Kwa elimu hiyo nikawa bingwa.

Nilifunga kamba nene ya ukindu kukatisha njia, kati ya miti miwili, nikaketi chini na kibaba changu. Chumvi ya pwani nikasema ipite, maana hatuna yetu. Kaniki nayo ipite, maana wake za wazee walikuwa wananitazama. Tumbaku ya mlimani ndiyo niliyoitoza, vibaba vitatu katika kila kumi. Wazee waliuliza kwa nini tumbaku peke yake. Niliwaeleza kwamba kijiji kinachojitegemea hakina budi kuwalinda wakulima wake. Mkulima wa tumbaku pale kijijini alikuwa mmoja, naye ni mimi, na tumbaku yangu ilikohoza hata mbuzi.

Mama yangu alikuwa mgonjwa tangu vuli. Akaniita kitandani kwake.

"Tumbaku ya mlimani analeta nani?"

"Washambaa, mama."

"Na Washambaa ni nani wako?"

Nikamfunika miguu.

"Ni watani wako. Mtani anatozwa ushuru, mwanangu? Mtani anakuchukulia kuku, anakutukana, nawe unacheka. Mimi nakufa hivi karibuni. Ukiwafukuza hao, nani atanibeba? Nizikwe kimya kama mbwa?"

Kwetu, msiba bila watani si msiba. Wao ndio wanaobeba maiti, wanaiga mwendo wake na sauti yake, mpaka wafiwa wanacheka bila kupenda. Nililijua hilo vizuri. Lakini nikamjibu kuwa sheria ni sheria, maneno niliyoyaokota Pangani pamoja na upele.

Siku ya gulio akaja muuza tumbaku, Mshambaa wa rika langu, ambaye kila aliposhuka mlimani alikula ugali wa mama. Akasimama mbele ya kamba.

"Wewe Mzigua, hii umefunga ujinyonge? Mbona iko chini hivi?"

Nikamtajia ushuru. Akacheka mpaka akashika mbavu. "Chukua tumbaku yote, mtani. Mimi nitapita kwako nimchukue mkeo."

Hapo nilitakiwa kucheka tu. Badala yake nilikasirika. Nikaingiza mkono kikapuni mwake, nikapima vibaba vyangu huku nimenuna. Kumkasirikia mtani ni aibu kubwa kuliko wizi, na nilifanya hivyo mbele ya watu. Alinitazama, akafunga kikapu chake, akarudi alikotoka.

Tangu siku hiyo hakuna mtu wa mlimani aliyekanyaga kwetu. Gulio letu likabaki mimi, tumbaku yangu na mbuzi wanaokohoa.

"Wamekuja?" mama aliniuliza kila gulio.

"Bado, mama."

"Basi na mimi nasubiri."

Masika yakaingia, na asubuhi moja akachoka kusubiri. Nikavuka mto mwenyewe kwenda Kilole, ambako watu wa mlimani walikuwa wanauza. Nilimkuta yule muuza tumbaku, nikamwambia mama amefariki. Aliendelea kupanga majani yake. "Nenda nyumbani ukapike," akasema. Nilirudi bila kujua kama amekubali au amenifukuza.

Mchana wakafika wanne. Yeye alikuwa amejifunga kaniki ya mama, ameiba na fimbo yake, anachechemea kama mama, ananisema kwa sauti yake kwamba nimekonda kwa uchoyo. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Mimi sikuweza kucheka wala kulia.

Wakambeba mama kwenye kitanda chake. Makaburi yalikuwa upande wa pili wa kamba. Walipoifikia, wakatua kitanda chini.

"Hapa pana sheria," mtani akasema, akanikabidhi kibaba. "Pima, bwana forodha. Vitatu katika kumi. Unaanzia miguuni au kichwani?"

Nikakitupa kile kibaba, nikalirukia fundo. Lilikuwa limevimba kwa mvua, na nilikuwa nimelikaza mwenyewe. Kucha zikashindwa. Nikapiga magoti kwenye matope, nikaling'ata kwa meno.

"Ng'ata, mwanangu," mtani akasema kwa sauti ya mama. "Ng'ata, mimi nasubiri."

Watu wakaangua kicheko, hata wazee wa ushuru. Ndipo mimi nikalia, kamba ikiwa mdomoni, mpaka fundo likaachia na mama akapita.