Vijiti vya watu wa kwetu: hesabu iliyonitoa shule nikiwa darasa la kwanza

Wakuu, na nyinyi vijana ambao mko na simu kuliko mko na masikio, shikamooni wenyewe kwa wenyewe kwanza.

Mimi ni nyanya wa huku Amagoro. Nimeona mnabishana hapa kama watoto wa shule wafundishwe hesabu kwa vitu au kwa kitabu. Nitawaambia yaliyonipata. Siongezi chumvi, chumvi daktari alinikataza.

Ilikuwa miaka ya sitini, uhuru bado ni mpya. Nilipelekwa darasa la kwanza. Darasa lilikuwa kanisa la udongo, tunakaa chini.

Mwalimu wetu alikuwa kijana Mluhya kutoka upande wa Khunyangu, Mwalimu Barasa. Hakuwa mtu mbaya, na hilo mlishike.

Hesabu alitufundisha kwa mahindi, kwa mawe, kwa vidole. Tulifika ishirini.

Halafu siku moja akasema, "Kesho kila mtu alete vijiti vya watu wa kwao. Kijiti kimoja, mtu mmoja."

Sasa mjue kitu. Kwetu Wateso, watu hawahesabiwi. Hata kwao mwalimu ilikuwa hivyo, lakini yeye alisema huo ni ushamba. Ukihesabu watoto unaita kifo kije kichague. Nyanya yangu, tulimwita Tata, alikuwa anasimama mlangoni jioni, anatutazama tu, na anajua nani hayuko.

Nilijua mtu haonyeshwi kidole na kuitwa namba. Ya vijiti sikuwa nimeambiwa.

Basi jioni watu wakila ugali wa wimbi, mimi navunja vijiti nikiwaangalia. Kirefu cha Papa, baba yetu. Kilichopinda cha kaka yangu Omuse, kwa sababu maneno yake hayanyooki. Kidogo kabisa cha Asere, mtoto wa mwisho, ambaye nilikuwa nambeba mgongoni kila siku. Nikavifunga na kamba ya mgomba.

Shuleni nikavipanga mbele ya mwalimu, namtaja kila mtu.

Akauliza, "Na wewe?"

Sikuwa nimejiweka.

"Kumbe wewe unaishi kwa jirani?"

Darasa likacheka. Akavunja kijiti kwenye ufagio, akakiweka katikati ya wengine. "Huyu ni wewe. Usijisahau."

Nilirudi nyumbani na furaha, nimeshika sisi wote mkononi.

Omuse ndiye alinichongea. Tata akaniita jikoni.

"Hivi ni nini?"

"Ni sisi."

Alivigeuzageuza mkononi. Kisha akasema, "Umetufunga kama kuni."

Hakunipiga. Alifungua ile kamba, akaenda akavitupa mbalimbali kwenye majani, kimoja huku, kingine kule.

Haikupita muda surua ikaingia kijijini. Ilipita nyumba nyingi. Kwetu ikamchukua Asere.

Wakuu, hakuna mtu aliniambia, "Ni wewe." Afadhali wangesema, ningelia nikamaliza.

Nilipewa bakuli langu, nikala kando. Mama wa jirani akiniona anahamisha mtoto wake upande wa pili, mbali na mimi. Mama yangu mwenyewe, nikimsogelea, anasema, "Kaa hapo kwanza." Hiyo kwanza haikuisha.

Shule ikaisha hapo. Papa alisema kitu kilichotuletea msiba hakirudiwi.

Mwalimu Barasa alikuja kuniombea nirudi shule. Tata alimpokea nje, hakumpa kiti.

"Mwalimu, wewe uko na watoto?"

"Bado sijaoa, mama."

"Basi nenda uzae. Halafu uhesabu wako."

Akaondoka na kofia mkononi. Mimi nilikuwa nyuma ya ghala, nasikiliza.

Nikapewa ng'ombe wa kuchunga karibu na reli. Gari moshi la kwenda Malaba lilikuwa linapita, na mabehewa hayana mama, kwa hivyo nilihesabu. Moja, mbili, hadi ishirini. Hapo ndipo mwalimu alikuwa ametufikisha. Gari moshi lenyewe lilikuwa bado linapita. Mengine yalienda Uganda bila namba, mimi nimesimama tu.

Siku moja msichana tuliyekaa naye darasani alipita akitoka shule. Akaniambia kwa mbali, "Sisi tumefika mia."

Nikamwambia, "Salimia mia."

Alicheka, akaenda. Nilibaki na ng'ombe.

Ishirini na moja nilikuja kuijua sokoni, nikiwa mke wa mtu.

Tata simlaumu. Alikuwa amezika watoto, na hofu yake ilikuwa na makaburi. Lakini surua haiulizi mko wangapi. Hilo muuguzi aliniambia nikiwa na watoto wangu, na wakati huo Papa na Mama walikuwa wameenda. Hakuna aliyebaki wa kuniita nirudi kula na wengine.

Walimu mlio hapa, mahindi yapo, mawe yapo. Kabla ya kumtuma mtoto alete watu wa kwao, uliza kwanza kwao wanaogopa nini. Na nyinyi wazazi, mtoto akikosea mwiko, mwambieni kwa mdomo. Kimya kinalea vibaya.

Kama kwenu mwiko huu ulikuwepo, andikeni hapa. Nitasoma zote, hata za matusi.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Juzi wakati wa chakula mjukuu wangu Amoit alileta homework: nyumbani kwenu mko wangapi? Kijana wangu, baba yake, akamwambia, "Andika tu, 'Tupo.'" Mtoto akafunga kitabu, akaenda kukaa pembeni.

Nikaweka sahani chini. Nikasema hakuna mtu atakula kwanza. Amoit, simama katikati, utuhesabu wote kwa kidole, kwa sauti, hata mimi. Na uanze na wewe.