Mchungaji Aliyeingia Ghala la Chumvi

Kabla picha yake haijabandikwa kwenye kuta za sinema, Ragnfrid Oldervik alikuwa amebeba sinia za kahawa katika filamu nyingi kuliko alizoweza kuzikumbuka. Alibisha hodi, akatua sinia, akasema chakula tayari, akatoka. Ndani ya tramu za Oslo watu walimkodolea macho wakijiuliza wamemwona wapi, na wengine wakamsalimu kwa uchangamfu wakidhani ni mhudumu wa mkahawa wao. Hakukasirika. Alisema anayejua kubeba sinia hafi njaa.

Jukwaani ndiko alikokuwa simba. Lakini jukwaa hilo hilo ndilo lililomfarakanisha na baba yake.

Alizaliwa Skarvøy, kisiwa cha wavuvi wa chewa huko kaskazini, ambako mtu akikwambia kazi yako siyo mbaya, shukuru Mungu ukalale, maana sifa kubwa kuliko hiyo haijawahi kutolewa pale. Baba yake, Ingvart, alikuwa seremala na mzee wa nyumba ya sala. Kwake yeye karata, dansi na maigizo vilikuwa ndugu wa tumbo moja, na baba yao alijulikana. Masikini, Mungu akampa binti aliyepanda juu ya pipa la samaki tangu akiwa na meno ya utoto, akawaiga wahubiri wote wa pwani mpaka wake zao wakacheka wakificha nyuso kwa aproni.

Binti akaenda mjini kufanya kazi ya jikoni hotelini. Jioni moja mwigizaji wa sehemu ya kijakazi akaugua, na mwenye kikundi cha maigizo, aliyekuwa akila hapo kila siku, akamwazima Ragnfrid kwa kuwa sinia alikuwa nayo tayari mkononi. Hakurudi jikoni tena.

Habari zilipofika Skarvøy, Ingvart alimwambia, "Wewe ni mwanangu, nyumbani ni kwako. Lakini kwenye maigizo sitakanyaga, hata uwe ndani yake wewe."

Naye hakuwa mtu wa maneno mawili. Kila kiangazi Ragnfrid alirudi, wakazungumza viazi, chewa na upepo. Kuhusu kazi yake, kimya. Miaka ikapita hivyo. Iliuma, tusidanganyane. Magazeti ya Oslo yalimsifu ukurasa mzima, naye angeyatoa yote apate "siyo mbaya" moja ya baba yake.

Ndipo akapewa sehemu ya mjane, katika mchezo uliosafirishwa kwa boti kutoka bandari hadi bandari. Mwanamke yuko peke yake anamenya viazi. Mlango unafunguliwa, anaingia mchungaji aliyevaa koti jeusi, kofia mkononi. Mijini watu walitoa leso kabla mchungaji hajafungua kinywa. Sehemu ya mchungaji ilichezwa na Sigvart, kijana wa Oslo mwenye sauti nzuri na tumbo lisiloweza bahari.

Zamu ya Skarvøy ikafika. Nyumba ya sala ilikataa kuwapokea, kama ilivyotazamiwa, wakapewa ghala la chumvi. Shangazi Olufine, dada yake Ingvart, alikuja kuwaletea viti na umbea.

"Baba yako anakuja," alisema.

Ragnfrid akashika meza.

"Usifurahi bure. Anasema anakuja kupaka bawaba mafuta, eti mlango wa ghala hili unalia na yeye ndiye aliyeutengeneza. Nimemwambia, Ingvart, mlango huo umelia tangu vita, leo ndiyo umekukera?"

Na kweli alikuja. Alisimama nje ya kizingiti, kofia kichwani, mgongo ameugeuzia jukwaa, akipaka mafuta bawaba ambazo zilikuwa zimeshalowa. Ragnfrid alimwona, akacheza kwa ajili ya mgongo ule. Haukugeuka.

Sasa ghala lina mlango mmoja tu. Sigvart alilazimika kuingilia hapo hapo, akampita Ingvart akiwa ndani ya koti jeusi la mchungaji, akashika njia katikati ya viti.

Skarvøy mchungaji akionekana kwa miguu siku ya kazi, bahari imechukua mtu. Anayemwona akipita huacha alichoshika, akamfuata, ili mwenye nyumba asiipokee habari ile akiwa peke yake. Ingvart alikuwa amewafuata wachungaji wengi. Na siku bahari ilipomchukua Edvin, kaka yake Ragnfrid, kisiwa kizima kilimfuata mchungaji hadi nyumbani kwa Ingvart.

Aliweka chini kopo la mafuta. Akavua kofia. Akaingia.

Watu walipomwona wakainuka, safu baada ya safu, wakaanza kumfuata. Sigvart alisikia buti nyuma yake, akageuka, na maneno yote yakamtoka kichwani. Ingvart alimpita, akapanda jukwaani, akasimama kando ya binti yake, mkono juu ya mgongo wa kiti.

Katika miji yote Ragnfrid alikuwa akipiga yowe hapo. Safari hii aliweka kisu juu ya viazi, akashika mkono wa koti la baba yake, akamwambia Sigvart kwa upole, "Sema, mchungaji."

Hakuna aliyepiga makofi. Walipita mmoja mmoja kumshika Ragnfrid mkono, kisha wakaenda zao. Sigvart aliuliza kwa hofu kama mchezo umewachukiza. Shangazi Olufine akampa kahawa, akamwambia anywe anyamaze.

Ragnfrid alimkuta baba yake nje akifuta kopo.

"Baba, ulijua ni mchezo?"

"Mimi si mjinga. Huyo mchungaji wenu nilimwona asubuhi akitapika gatini."

"Sasa mbona ulipanda?"

Ingvart alilifuta kopo ambalo lilikuwa safi kitambo.

"Alikuwa anakuja kwako," alisema, "na nyuma yake hakuna mtu."

Mzee akavaa kofia, akatazama boti ya waigizaji iliyofungwa gatini.

"Kesho mnacheza wapi?"