Pongezi kwa Mama Chuma

Mtaa wetu hauna uchoyo wa sifa. Fundi cherehani wa pale kona tulimpa jina la Mama Chuma bure kabisa, bila hata kumuuliza kama analitaka.

Binti yake ana miaka tisa na mwili haumtii. Shingo hulegea, mikono hukakamaa, na kumlisha kunataka umshike kichwa, umpe kijiko, usubiri ameze, ndipo umpe kingine. Fundi alimtengenezea kiti chenye mikanda na mto, akakiweka kando ya cherehani. Huku anashona sketi za shule, huku anafuta udenda. Baba mtoto alikwenda kutafuta maisha, na mpaka leo bado anayatafuta. Huenda yamejificha mbali.

Sisi majirani tulisaidia sana, kwa mdomo. "Mungu humpa mtu mzigo anaouweza," alisema mwenye duka, akichukua suruali yake iliyopunguzwa kiuno. Mwingine akamwambia ajikaze. Hata daktari, alipoelezwa kwamba mama halali na siku hizi anasahau vipimo vya wateja alivyochukua sasa hivi, alimshauri apumzike. Ushauri mzuri mno. Ila hakusema mtoto aachiwe nani.

Siku moja sindano ya cherehani ikamtoboa kidole. Akakitazama tu kana kwamba ni cha mtu mwingine, damu ikichuruzika kwenye kola nyeupe. Mteja alisikitika mno, kwa ajili ya kola.

Chama cha akina mama kiliposikia, kikachukua hatua kali: kikaamua kumpa tuzo. Jumapili alasiri tukajaa uani kwake, mwenyekiti akahutubia jinsi mwanamke alivyo nguzo, na fundi akaendelea kulisha, macho mekundu.

"Sema neno, mama shujaa!"

"Tuzo siitaki," akasema. "Nimechoka jamani. Nampenda mwanangu, lakini kuna asubuhi natamani nisiamke. Nataka kulala kidogo tu. Nani atamlisha?"

Makofi yakakatika. Ghafla kila mmoja akakumbuka kitu alichoacha jikoni. Mwenyekiti akaahidi kwamba jambo hilo litajadiliwa kikao kijacho, akaondoka na tuzo yake.

Mimi nilibaki nikikusanya viti. Mwingine aliyebaki ni wifi yake, dada wa yule mtafuta maisha, mwenye ulimi wa pilipili, ambaye tangu harusi hajawahi kumsifu kwa lolote. Alikuwa hamgusi mtoto, na sisi wataalamu wa mtaa tulishaamua kwamba anamwona nuksi.

"Lete kijiko," akasema.

"Wewe, wifi? Miaka yote hii?"

"Niliogopa atapaliwa mikononi mwangu, useme nimekuulia mtoto. Hebu nionyeshe. Akipaliwa?"

"Mwinamishe mbele, usubiri akohoe. Usimharakishe."

Kijiko cha kwanza kiliishia kidevuni. Wifi akakifuta kidevu kwa kiganja, akachota tena. Cha pili, binti akameza, akatoa sauti yake ile ya kutaka zaidi.

Fundi akaingia chumbani, akajitupa juu ya marobota ya vitambaa. Badala ya usingizi kikaja kilio, kikubwa, cha mdomo wazi. Nikajua sasa wifi atamwambia neno letu la siku zote, ajikaze.

"Lia, wifi," akasema, macho yakiwa kwenye kijiko. "Sisi huku bado tunakula."