Wivu wa Mzee Saini

Kiwandani walimwita Mzee Saini, maana hata ufagio haukununuliwa kabla hajatia saini. Alianza kazi pale akipanga sabuni kwenye maboksi, akapanda ngazi moja moja mpaka akawa mkurugenzi. Walimsifu kwamba hakurupuki.

Kisha mkewe akapata kiharusi. Mwaka wa pili sasa hatoki kitandani wala hasemi. Kila asubuhi mzee alimwogesha, akamlisha, akamgeuza ubavu, ndipo akavaa tai. Kazini hakumwambia mtu. Usingizi ulimhama.

Ofisi ya jirani alikaa meneja wa uzalishaji. Kila saa sita mchana mkewe alimpigia simu, na vicheko vyao vikapenya ukuta wa mbao. Mzee Saini aliacha kalamu, akasikiliza. Wivu ukamtafuna kama mchwa.

Meneja alipoleta barua ya kusimamisha pipa la kuchemshia sabuni ili valvu ibadilishwe, mzee aliikataa bila kuisoma.

"Bosi, valvu imechoka."

"Uliyechoka ni wewe. Unataka kushinda nyumbani na mkeo."

Barua ya pili ilikataliwa vilevile. Na ya tatu.

Mwezi uliofuata valvu ikafyatuka. Sabuni ya moto ikamuunguza mama mpishi wa sabuni, kuanzia kiganja hadi kiwiko.

Bodi ilipokutana, meneja angeweza kuzitoa barua zake. Alinyamaza. Hilo likamuuma mzee kuliko tusi: kumbe huyu hata huruma anayo ya kugawa!

"Barua zilikuja tatu," akasema mwenyewe. "Sikuikataa valvu. Nilimkataa yeye, kwa kuwa nyumbani kwake kuna mtu wa kuongea naye."

Mwenyekiti, mama asiyejulikana kwa upole, akamuuliza taratibu, "Kaka, hujalala tangu lini?"

Hapo akalia mbele ya watu wazima wenzake.

Alipewa likizo, akatafutiwa daktari wa akili. Dada yake akahamia kwake kusaidia kuuguza. Alikwenda hospitali kumwomba radhi mama mpishi, ambaye alimwambia, "Pole haioteshi ngozi, baba. Lakini umekuja, kaa."

Alikaa mpaka jioni.

Aliporudi kazini, meneja ndiye mkurugenzi, na yeye akapewa stoo. Wivu haukuisha. Ukimpanda, humwambia daktari wake waziwazi, bila kuutafutia jina lingine.